Katuni ya Macho Mawili: Kusogeza Kamera Bila Kumuumiza Mtazamaji

Mtoto anayeingia katika kijito cha maji baridi kisiwani Pemba haoni kinachomdhuru. Lava wa kichocho hawafiki urefu wa milimita moja. Hutoka katika konokono wadogo waishio kwenye majani ya kandokando ya maji, wakaogelea, wakapenya ngozi ya mguu pasina mtoto kujua. Hupita wiki nyingi, pengine miezi, kabla ya damu kuonekana katika mkojo, na kwa wakati huo mtoto amekwisha kusahau siku aliyooga. Ugonjwa ambao chanzo chake hakionekani ni mgumu kufundishwa kwa maneno matupu, na ndiyo sababu walimu wa afya wamekimbilia picha. Katika shule za Zanzibar kilitumika kijitabu cha katuni kiitwacho *Juma na Kichocho*. Baadaye, kati ya mwaka 2011 na 2017, mradi wa kutokomeza maambukizi ya kichocho Unguja na Pemba uligawa dawa ya prazikwanteli katika maeneo yote, ukaongeza uangamizaji wa konokono katika baadhi ya maeneo na mafunzo ya kubadili tabia katika mengine.

Leo hatua nyingine inawezekana. Kompyuta ya kawaida na programu isiyouzwa, kama Blender, zinatosha kutengeneza katuni fupi ambayo mtazamaji huiona ikiwa na kina: konokono yupo karibu, mguu wa mtoto upo nyuma yake, na lava anaelea baina yao. Projekta ya darasani na miwani ya karatasi yenye kioo chekundu upande wa kushoto na cha samawati upande wa kulia hukamilisha vifaa. Hata hivyo, katuni ya namna hii ina sharti ambalo kijitabu hakina. Kijitabu kilichochorwa vibaya humchosha msomaji, akakiweka kando. Katuni ya macho mawili iliyotengenezwa vibaya huumiza kichwa, hutia kichefuchefu, na humfanya mtoto avue miwani kabla ya ujumbe kumfikia. Sehemu kubwa ya madhara hayo hutokana na namna kamera inavyosogezwa.

Makala haya yamekusudiwa mhudumu wa afya au mwalimu anayeanza kazi hiyo, pamoja na mgonjwa au mzazi anayetaka kujua kwa nini picha hizo huchosha macho. Sehemu ya mwisho inamhusu mtoto ambaye, wenzake wakishangilia, yeye husema haoni lolote la ajabu.

Picha mbili, ubongo mmoja

Msomaji anyooshe kidole kimoja mbele ya pua, akitazame, kisha afumbe jicho la kushoto, alifumbue, na kufumba la kulia. Kidole kitaonekana kikiruka kutoka upande mmoja hadi mwingine, ilhali ukuta wa nyuma unaruka kidogo au hauruki kabisa. Kila jicho lina mahali pake pa kutazamia. Kwa mtu mzima mboni mbili huachana kwa takriban milimita 63. Kwa mtoto mdogo pengo hilo hukaribia milimita 50. Ubongo hupokea picha mbili zinazotofautiana kidogo, huzilinganisha, na katika tofauti hiyo hupata umbali wa kila kitu.

Mwingereza Charles Wheatstone alithibitisha jambo hili mwaka 1838 kwa kifaa cha vioo kilichopeleka mchoro mmoja bapa kwa kila jicho. Michoro miwili isiyo na kina, ikiunganishwa na ubongo, ilitoa umbo lenye kina. Kompyuta hufanya hayohayo kwa kuweka kamera mbili badala ya moja. Picha ya kamera ya kushoto huenda jicho la kushoto, na ya kulia huenda jicho la kulia.

Hapo skrini hugeuka kuwa mfano wa dirisha. Kitu ambacho picha zake mbili zimeangukia mahali pamoja huonekana kipo juu ya skrini yenyewe. Kitu ambacho picha ya jicho la kulia ipo kulia zaidi huonekana kipo nyuma ya dirisha. Picha hizo zikipishana, ya jicho la kulia ikawa kushoto, kitu hutokeza mbele ya dirisha kumwelekea mtazamaji. Umbali kati ya picha mbili za kitu kimoja, ukipimwa juu ya skrini, katika makala haya unaitwa mwachano; na umbali kati ya kamera mbili unaitwa pengo la kamera. Mwanafunzi anayeyashika maneno haya mawili amekwisha kushika nusu ya kazi.

Kina hupimwa kama dawa

Mtu anapotazama kitu kilicho karibu, macho yake hufanya kazi mbili kwa pamoja. Misuli ya nje huyaelekeza macho yote mawili ndani ili yakutane kwenye kitu hicho, na misuli ya ndani huikunja lenzi ya jicho ili kitu kionekane bayana. Tangu utotoni kazi hizi zimefungwa pamoja kama makasia mawili ya ngalawa moja.

Skrini huzitenganisha. Konokono anapotokeza mbele ya skrini, macho huelekea hewani alipo konokono, lakini lenzi hulazimika kubaki zimelenga skrini, kwa kuwa mwanga unatoka huko. Mwaka 2008 watafiti wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, walionyesha kwa majaribio kwamba mgongano huu huchosha macho na kupunguza uwezo wa kuunganisha picha mbili. Hauwezi kuondolewa katika skrini ya kawaida. Unaweza kupunguzwa tu, kama kiasi cha dawa kinavyopunguzwa kulingana na uzito wa mgonjwa.

Kipimo cha kwanza ni cha vitu vya mbali. Macho ya mtu anayetazama upeo wa bahari huwa sambamba. Hayatanuki kuelekea nje. Mwachano wa vitu vya nyuma ukizidi umbali kati ya mboni za mtazamaji, macho hulazimishwa kutanuka kwa namna ambayo maisha hayajayafundisha. Kwa kuwa watazamaji ni watoto, kikomo salama ni milimita 50 juu ya skrini, hata kama watu wazima wamo ukumbini.

Hesabu yake ni rahisi. Tuseme picha ina upana wa pikseli 1,920 na kitambaa cha projekta kina upana wa mita 2. Kila pikseli inachukua takriban milimita 1.04, kwa hiyo milimita 50 ni sawa na pikseli 48. Mwachano huohuo wa pikseli 48, ukitazamwa katika skrini ya kompyuta yenye upana wa sentimita 34, hauzidi milimita 9. Hapa ndipo wanaoanza hukosea: hutengeneza katuni mezani, huiona tulivu, huongeza kina ili ipendeze, kisha huipeleka uwanjani penye kitambaa cha mita 4. Huko pikseli 48 tayari ni milimita 100, yaani maradufu ya kikomo. Katuni ya macho mawili hutengenezwa kwa ajili ya skrini moja inayojulikana. Skrini ikibadilika, pengo la kamera lipimwe upya na picha zitolewe upya.

Kipimo cha pili ni cha vitu vya karibu. Wapigapicha wa stereoskopia wana kanuni ya zamani ya 1 kwa 30: pengo la kamera lisizidi sehemu moja ya thelathini ya umbali hadi kitu kilicho karibu zaidi. Mpangilio wa mwanzo wa Blender unakubaliana nayo, kwani pengo huwa sentimita 6.5 na mahali pa skrini huwa mita 1.95, ambazo ni sentimita 6.5 mara thelathini. Mwanafunzi anaweza kuanza na mpangilio huo bila hofu, mradi kamera isimame. Kamera inapoanza kutembea, hesabu hubadilika kwa kila hatua.

Kuteleza kando

Abiria anayesafiri kwa gari kutoka Chake Chake kwenda Wete, akitazama nje kupitia dirisha la pembeni, huona somo zima la mwendo. Nyasi za kando ya barabara hupita kama mshale. Mikarafuu iliyo nyuma yake hupita kwa utaratibu. Vilima vya mbali husogea kidogo mno, na mawingu huonekana yakimfuata. Hata akifumba jicho moja, abiria huyo hujua kipi kipo karibu na kipi kipo mbali, kwa sababu tofauti ya mwendo humweleza umbali.

Kuteleza kando ndiyo harakati bora kwa anayeanza. Kamera inakwenda kushoto au kulia bila kugeuka, na taarifa ya mwendo inakubaliana na taarifa ya macho mawili. Mashahidi wawili wanaposema neno moja, ubongo haupati taabu. Faida nyingine ni kuwa kina kidogo hutosha: mwendo wenyewe huongeza hisia ya umbali, hivyo pengo la kamera linaweza kupunguzwa.

Tahadhari ni mbili. Kwanza, jani au tawi lililo karibu sana na kamera lisikatize mbele kwa kasi, kwa kuwa macho hayatawahi kuunganisha picha zake mbili kabla halijatoweka. Pili, kitu kilichotokeza mbele ya skrini kisikatwe na ukingo wa picha. Ukingo ni fremu ya dirisha, na hakuna kitu kilicho mbele ya dirisha kinachoweza kuzibwa na fremu iliyo nyuma yake. Ubongo ukikutana na jambo hilo husitasita, na kina huvunjika. Njia nyepesi ni kuviacha vitu vya pembeni nyuma ya skrini, na kuvitokeza vile tu vilivyo katikati.

Kusonga mbele

Katuni ya kichocho haiwezi kuepuka safari ya kwenda mbele: kutoka kwa mtoto aliyesimama ukingoni, hadi kwenye maji, hadi kwa konokono kwenye shina la mpunga. Ni harakati yenye nguvu kubwa ya kufundisha, na pia ndiyo inayodhuru haraka.

Mathalani, safari inaanza mita 3 kutoka kwa mtoto, pengo likiwa sentimita 6.5. Kamera inapofika sentimita 60 kutoka kwenye shina la mpunga, kanuni ya 1 kwa 30 inataka pengo lisizidi sentimita 2. Inapofika sentimita 15 kutoka kwa konokono, pengo lisizidi milimita 5. Mtengenezaji asipolipunguza pengo njiani, picha mbili za konokono zitaachana hadi mtazamaji aone konokono wawili. Kwa hiyo pengo nalo linapaswa kuhuishwa: liwekewe alama mwanzoni na mwishoni mwa safari, na programu ilipunguze hatua kwa hatua. Vivyo hivyo mahali pa skrini pahamishwe taratibu, ili kitu kinachotazamwa kibaki karibu na uso wa skrini muda wote. Macho ya mtazamaji hapo hayana haja ya kufukuza kitu mbele na nyuma.

Kupungua kwa pengo kunaleta swali la elimu ambalo si la kiufundi tu. Ubongo hutumia pengo kama rula ya kupimia ulimwengu. Pengo likiwa kubwa kuliko la macho ya mtu, nyumba huonekana kama kichezeo. Likiwa dogo mno, konokono wa sentimita moja huonekana kama mnyama wa kutisha, na lava huonekana kama samaki. Mtoto akiondoka ukumbini akiamini kuwa lava ana ukubwa wa dagaa, kesho atachungulia kijito, ataona maji maangavu yasiyo na kitu, naye ataingia. Katuni itakuwa imemfundisha kinyume cha ilichokusudia.

Dawa yake ni kumwonyesha mtoto ukubwa kwa njia ya safari yenyewe. Kamera isiruke ghafla kutoka kwa mtoto hadi kwa lava. Isogee bila kukatika, na ndani ya fremu kibaki kitu ambacho kila mtoto wa Pemba anakijua kwa ukubwa wake: shina la mpunga, punje, ukucha wa kidole cha mguu. Kisha kamera irudi nyuma kwa njia ileile hadi lava asionekane tena, na maji yabaki maangavu. Katika safari hiyo ya kurudi ndimo ulimo ujumbe mzima: maji ni yaleyale, na kilichomo hakionekani.

Kugeuza, kuvuta na kulaza

Kugeuza ni kuizungusha kamera kushoto au kulia huku imesimama mahali pamoja, kama mtu ageuzavyo shingo. Katika harakati hii mandhari yote hukimbia pamoja bila tofauti ya karibu na mbali, kwa hiyo haiongezi kina. Watengenezaji wa filamu za kawaida wana kanuni kwamba kitu kisivuke skrini kutoka ukingo hadi ukingo kwa muda ulio chini ya sekunde 7, la sivyo picha hutetema. Katika katuni ya macho mawili muda huo uongezwe, au harakati hiyo ibadilishwe iwe kuteleza kando.

Kuvuta picha kwa lenzi ni kukuza kilicho mbali bila kamera kwenda popote. Mwachano hukuzwa pamoja na picha, na vitu hugeuka vikawa kama makaratasi yaliyokatwa na kupangwa kimoja nyuma ya kingine. Macho ya binadamu hayana lenzi ya kuvuta; mtu akitaka kuona karibu husogea karibu. Kamera nayo isogee.

Kulaza ni kuiinamisha kamera ubavuni hadi mstari wa upeo uwe mshazari. Anayeanza aiepuke kabisa. Kubwa zaidi ni kuhakikisha kuwa kamera mbili hazilazwi kila moja kivyake, wala hazielekezwi ndani zikutane mbele kama macho ya mtu mwenye kengeza. Mpangilio huo wa pili huonekana wa kimaumbile, lakini huzipinda picha mbili kwa namna tofauti, na katika pembe za skrini nukta moja huwa juu katika picha hii na chini katika ile. Macho yana uwezo mkubwa wa kuelekeana ndani, lakini yana uwezo mdogo mno wa kwenda moja juu na jingine chini. Tofauti ndogo ya wima huleta maumivu ya kichwa ambayo mtazamaji hawezi kueleza chanzo chake. Kamera ziwe sambamba, na fremu ndizo zihamishwe. Programu hufanya hivyo kwa kuchagua mpangilio unaofaa.

Sikio la ndani na meli ya Mkoani

Wasafiri wa meli kati ya Unguja na Mkoani wanajua kuwa anayejifungia ndani akikodolea simu hutapika kabla ya anayekaa nje akitazama upeo wa bahari. Sababu yake imo katika sikio la ndani. Humo mna mifereji mitatu yenye umajimaji, inayohisi mzunguko wa kichwa, na viungo viwili vidogo vinavyohisi kuongezeka au kupungua kwa mwendo na mvuto wa ardhi. Ndani ya meli sikio husema mwili unayumba, ilhali macho yanayotazama ukuta au simu husema umetulia. Mgongano huo ndio huleta jasho baridi, kupauka na kichefuchefu.

Katuni hugeuza mgongano huo juu chini. Mtoto amekaa kwenye kiti, sikio lake linasema ametulia, na macho yanasema anakimbia kuelekea majini. Kadiri picha inavyojaza uwanja wa kuona na kuwa na kina, ndivyo macho yanavyoaminika zaidi na mgongano unavyokua.

Kanuni zinazofuata zinatokana moja kwa moja na maumbile hayo. Mwendo wa kamera uanze polepole na uishe polepole, kwa kuwa mabadiliko ya ghafla ya kasi ndiyo ambayo sikio lilitarajia kuyahisi na halikuyahisi. Kamera isitikisike kama iliyoshikwa mkononi. Isifanye harakati mbili kwa wakati mmoja, kama vile kusonga mbele huku ikigeuka. Baada ya kila harakati kuwe na pumziko la sekunde kadhaa ambamo kamera imesimama kabisa. Na ndani ya picha kuwe na kitu kilichotulia, mfano wa mstari wa mikoko au ukingo wa bwawa, kimsaidie mtazamaji kama upeo wa bahari unavyomsaidia msafiri. Mwanga usimwekemweke zaidi ya mara 3 kwa sekunde, kwa usalama wa wenye kifafa kinachoamshwa na mwanga.

Mtu anayehisi kichefuchefu avue miwani au afumbe macho yote mawili, apumue taratibu, na aangalie kitu cha mbali kilichotulia. Kwa kawaida hali hiyo hupita yenyewe. Wazazi huuliza iwapo picha hizi huharibu macho ya watoto. Hakuna ushahidi kwamba kutazama kwa muda mfupi huleta madhara ya kudumu. Kinachotokea ni uchovu unaoondoka kwa kupumzika. Lakini mtoto anayeumwa kichwa kila mara, au anayeona vitu viwiliviwili hata baada ya kuvua miwani, apelekwe kupimwa macho.

Mtoto asemaye "sioni kitu"

Katika darasa lililojaa, watoto wengi watanyoosha mikono kumgusa konokono aliye hewani. Pengine mmoja atabaki ametulia. Wenzake watamcheka, au mwalimu atadhani hakuvaa miwani sawasawa. Baada ya kuhakikisha kuwa miwani imekaa vizuri, mhudumu wa afya asilipuuze jambo hilo.

Ubongo huunganisha picha mbili ikiwa tu macho yote mawili yanaona vyema na yanaelekea mahali pamoja. Mtoto mwenye makengeza, au ambaye jicho moja lina hitilafu ya kulenga inayozidi ya jingine, hupeleka kwenye ubongo picha mbili zisizopatana. Ubongo wa mtoto hutatua tatizo hilo kwa kuipuuza picha moja. Jicho lililopuuzwa hubaki zima kwa kulitazama, lakini uwezo wake wa kuona haukui. Hali hii ndiyo uvivu wa jicho. Makadirio ya kawaida duniani ni kati ya mtoto 1 na 5 katika kila 100. Mtoto mwenyewe halalamiki, kwa kuwa hajui kuona kwa namna nyingine, na jicho zima humtosha kucheza na kusoma.

Tiba ipo. Hurekebishwa kwanza chanzo: miwani ya macho kwa hitilafu ya kulenga, upasuaji kwa mtoto wa jicho. Kisha jicho zima hufunikwa kwa saa chache kila siku, kwa maelekezo ya mtaalamu, ili lile vivu lilazimike kufanya kazi. Matokeo huwa mazuri zaidi kabla ya umri wa miaka 7 au 8. Wakubwa kidogo nao hufaidika, hivyo asikataliwe mtoto kwa kuwa amechelewa. Lakini kila mwaka unaopita hupunguza kinachoweza kurudishwa. Mzazi asimfunike mtoto jicho nyumbani bila vipimo, kwani jicho zima likifunikwa kupita kiasi nalo huweza kudhoofika.

Uhusiano kati ya katuni za kompyuta na kliniki ya macho si wa kubahatisha. Karibu na mwaka 1960, Béla Julesz wa maabara za Bell nchini Marekani alitumia kompyuta kutengeneza jozi za picha zilizojaa nukta tupu. Kwa jicho moja hazikuwa na maana. Kwa macho mawili umbo lilijitokeza. Kutokana na kazi hiyo yalipatikana majaribio yanayotumika kliniki hadi leo kupima kina kwa watoto, mengine yakitumia miwani ya rangi mbili inayofanana na ile ya darasani. Katuni haiwezi kuwa badala ya kipimo hicho. Inaweza tu kumwonyesha mhudumu mtoto anayestahili kupimwa.

Kipimo cha awali hakihitaji mashine. Mtoto afunikwe jicho moja, aulizwe herufi au alama za ubao wa kupimia macho, kisha afunikwe jingine. Tofauti ya wazi kati ya macho mawili, makengeza yanayoonekana, au kuinamisha kichwa kila anapotazama, ni sababu ya kumpeleka kitengo cha macho hospitalini. Mboni yenye weupe ndani yake, au makengeza yaliyoanza ghafla pamoja na maumivu ya kichwa na kutapika, yapelekwe siku hiyohiyo.

Kwa mtengenezaji wa katuni, mtoto huyo ana maana nyingine pia. Hakuna ujumbe unaopaswa kutegemea kina peke yake. Hatari ya maji isemwe kwa sauti, ionyeshwe kwa umbo na kwa mpangilio wa picha, ili asiyeona kina naye aondoke na somo zima.

Kabla ya kuonyesha

Katuni ya kwanza isizidi dakika 3, na sehemu zenye kina kikubwa ziwe chache, zikipishana na sehemu zilizo karibu bapa ili macho yapumzike. Kila tukio lidumu muda wa kutosha, na panapokatwa picha, kitu kinachotazamwa kiwe karibu na uso wa skrini katika tukio linaloisha na linaloanza. Mwachano upimwe kwa rula juu ya kitambaa chenyewe, mahali pa mbali zaidi katika picha, na usizidi milimita 50. Viti vya mbele visogezwe nyuma, na vya pembeni kabisa viachwe wazi, kwa kuwa anayetazama kwa mshazari huona kina kilichopotoka.

Kisha katuni ionyeshwe kwanza kwa watu wachache, wakiwemo watoto wawili au watatu, na waulizwe maswali ya daktari kabla ya maswali ya mwalimu: kichwa kinauma? tumbo linachafuka? ulivua miwani lini? Jibu la swali la tatu huonyesha kwa sekunde mahali ambapo kamera ilikwenda haraka mno. Baada ya hapo ndipo waulizwe swali lililoifanya kazi yote ifanyike: je, maji maangavu yana kichocho au hayana?